Niliyerudi Naye Kutoka Mpakani

Mama yake ndiye aliyemleta shuleni asubuhi hiyo, kabla jua halijatoka vizuri, na umande wa njiani ulikuwa umewalowesha wote wawili mpaka magotini. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa basi na orodha ya majina. Tulikuwa tunawapeleka watoto wa gredi ya sita Musoma, Tanzania, kwa siku tatu, kuimba pamoja na shule moja iliyotualika. Kati ya watoto ishirini na sita hakuna aliyewahi kutoka nje ya Kenya. Hata mimi, mwalimu wao wa darasa, sikuwa nimewahi.

"Mwalimu, huyu hutapika kwa gari," mama aliniambia. "Umkalishe kwa dirisha."

Nikamwambia nitamkalisha. Alikuwa anahema, mkono mmoja ameshika nguzo ya geti. Niliona. Nikadhani ni kile kilima chao cha kutoka mtoni, nikarudia orodha yangu. Alimfunga binti yake kifungo cha juu cha sweta, akasema anakimbilia kuchuma chai kwa sababu siku hiyo lori la kiwanda lingepita mapema. Akaondoka bila kungoja basi litoke.

Walikuwa wawili tu nyumbani. Baba aliondoka msichana akiwa bado hajaanza shule, na hakuna aliyejua aliko. Darasani alikuwa mkimya, wa kujibu akiulizwa, lakini kwenye kwaya ndiye aliyeanzisha nyimbo zote. Tulipotoka Sigowet kuteremka Sondu alikuwa tayari ameanza. Tulipofika Oyugis alitapika kwenye mfuko niliomwekea, akapangusa mdomo, akaanzisha wimbo mwingine. Tulipita Kisii wakiimba, madirisha yakiwa wazi, watu wa sokoni wakigeuka kututazama.

Migori tulisimama watoto waende choo na wanywe chai. Hapo ndipo mwalimu mkuu aliponipigia simu.

"Watoto wako karibu na wewe?"

"Wanakunywa chai."

"Sogea kando kidogo, madam."

Nikaenda nyuma ya basi. Akaniambia mama wa msichana yule ameanguka katikati ya chai, kikapu kikiwa mgongoni. Majirani walimbeba mpaka barabarani, wakapata gari, lakini walipofika hospitali ilikuwa imekwisha. Kaka wa marehemu alikuwa ameketi ofisini mwa mwalimu mkuu wakati huo huo tunaongea. Familia ilikuwa imeamua mtoto asiambiwe mpaka arudi. Mazishi hayangekuwa kabla ya wiki ijayo, na akirudi leo angefanya nini?

"Kwa hivyo tuendelee?" nikauliza.

"Muendelee. Na usimwambie. Hao ndio wenyewe, wameshasema."

Nilimweleza mwenzangu, mwalimu kijana wa muziki. Aliweka chini andazi alilokuwa anakula. Akasema, "Labda aone ziwa la huko Musoma kwanza." Ningependa kuandika kwamba nilibishana naye. Sikubishana. Nilipanda basi nikaanza kuhesabu vichwa, na nilipofika kwake nikamgusa kichwa nikamhesabu kama wengine.

Alikuwa karibu nami njia yote iliyobaki. "Teacher, huko Tanzania simu hushika?" aliniuliza. "Mama alisema nimpigie nikifika." Nikamwambia tutaona.

Kwenye ofisi ya uhamiaji pale mpakani tulipata afisa mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni. Alikuwa anaita watoto mmoja mmoja dirishani, anasoma barua ya ruhusa ya mzazi, anagonga muhuri. Hakuwa na haraka. Alipofika kwa msichana wetu aliigeuza barua mara mbili.

"Hii ina sahihi moja. Baba yuko wapi?"

"Hayuko," nikajibu. "Aliondoka zamani."

"Sawa. Basi nimpigie mama, nisikie tu kwamba anajua." Namba ilikuwa pale chini ya barua, kwa maandishi ya mama mwenyewe. Afisa akainua simu ya mezani. Msichana akasogea karibu na dirisha, anatabasamu, akidhani atapata nafasi ya kusalimia.

"Afande, naomba tuongee kando."

"Tuongee hapa tu, madam. Unaona hiyo laini ya watu."

"Tafadhali."

Alinitazama, akamtazama mtoto, akairudisha simu mahali pake. Alitoka tukasimama kwenye ukumbi, nikamwambia. Akavua miwani ikabaki ikining'inia kifuani.

"Pole," alisema. Kisha akaniuliza, "Sasa huyu mtoto ni wa nani?"

Niligeuka nikamtazama mtoto pale dirishani.

"Barua imeandikwa na mtu ambaye hayuko. Siwezi kumvusha, madam. Na hata kama ningeweza, wewe angekuwa wako ungempeleka mbele akaimbe?"

Tulikubaliana haraka, kwa sauti za chini. Mwalimu wa muziki angeendelea na watoto pamoja na mama mmoja wa kamati ya wazazi aliyekuwa ametusindikiza. Mimi ningerudi. Nilipomshushia msichana begi lake kutoka kwenye basi, alilitazama lile begi, kisha akanitazama mimi. Wenzake walikuwa wamejaa madirishani.

"Teacher, ni kwa sababu sina baba?"

Hapo nilikuwa nimepewa uongo mzuri bila hata kuutafuta. Ningesema ndiyo, amri ya familia ingebaki salama, na mtoto angerudi Sigowet akilia juu ya karatasi. Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Badala yake nikamshika mkono, tukaenda kuketi kwenye benchi nyuma ya jengo, penye kivuli cha ukuta. Nilimwambia kwa Kipsigis. Kwa Kiswahili ningekuwa kama mtu anayetoa tangazo kwenye gwaride la shule.

Hakulia. Aliuliza, "Saa ngapi?"

"Kama saa mbili asubuhi."

Akafikiri. "Tulikuwa Kisii. Nilikuwa naimba."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua saa ngapi?"

"Tulipokuwa Migori."

Akasogea kando kwenye benchi, si sana, upana wa kitabu hivi. Tukakaa hivyo. Basi lilipopita kuingia upande wa pili wenzake walimpungia mikono, kwa sababu walikuwa wameambiwa ni shida ya karatasi tu. Yeye naye akainua wake.

Nilimpigia mwalimu mkuu nikamweleza, kisha tukarudi kwa gari la abiria. Tulipokaribia Kisii akaniuliza nani amemkamua ng'ombe wao. Nikasema sijui.

Mjomba wake alitungoja Sondu na pikapu ya kuazima. Alikuwa na macho mekundu, hajanyoa. Hakunisalimia.

"Tulisema asiambiwe," aliniambia, mtoto akiwa amesimama hapo katikati yetu. "Mwalimu, wewe ni nani kuamua mambo ya nyumba yetu?"

"Mpakani walikataa," nikaanza kueleza.

"Mjomba," msichana akasema, "ng'ombe amekamuliwa?"

Mjomba akageuza uso. Aliangalia barabara. "Hapana," akasema. "Hakuna aliyekumbuka."

Tulifika kwao kama saa kumi jioni. Uwanja ulikuwa umejaa, wanawake wa kanisa wakipika chai kwenye sufuria kubwa, wanaume wakipanga viti. Kelele zilikatika walipomwona akishuka na sare ya safari. Shangazi mmoja alikuja amemfungulia mikono. Msichana akamsalimia, akampita, akavua sweta akalitundika kwenye ua, akachukua ndoo. Ng'ombe alikuwa analia bandani tangu asubuhi, kiwele kimemjaa mpaka kinamuuma. Shangazi alitaka kumzuia, mjomba akamwambia amwache.

Nilisimama mbali kidogo. Alimkamua taratibu, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, na ndoo ilipofika nusu nikaona mabega yake yanatikisika. Mikono haikuacha kukamua. Hakuna aliyemkaribia mpaka alipomaliza.

Mwalimu mkuu alinitaka niandike maelezo kwa nini nilikwenda kinyume na agizo. Niliandika nusu ukurasa, nikampa, na jambo hilo halikutajwa tena. Watoto walirudi kutoka Musoma na picha za ziwa, wakanionyesha moja moja, nikazitazama zote.

Baada ya mazishi mjomba alimhamishia kwake, upande wa Siongiroi. Walikuja pamoja kuchukua barua ya uhamisho. Msichana aliniamkia kwa adabu, akaipokea kwa mikono miwili. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ule mwendo wa kutoka Migori mpaka mpakani, lakini mjomba alikuwa ameshageuka kuelekea geti, naye akamfuata.

Nasikia sasa yuko sekondari ya chini huko huko na anaendelea vizuri na hesabu. Siongiroi si mbali, mtu huenda na kurudi siku moja. Mara mbili nimevaa viatu vya safari nikavivua. Bado sijaenda.