Jicho la Adoyo

Nilipokuwa mtoto huko Asembo Bay, kula mahali ambapo wapita njia wanakuona ulikuwa ujinga mtupu. Dani, nyanya yangu, hakuchoka kutuonya juu ya sihoho, yaani jicho la mtu anayekitamani chakula chako, likaingia nacho tumboni na kukukata matumbo.

"Kulia ndani, mama," alikuwa akiniambia. "Watu wanapita hapa."

Likizo moja ya miaka ya themanini, mimi na Adoyo, binti wa jirani, tulifanya kazi kwa Waya, shangazi yangu, aliyenunua omena, wale dagaa wa ziwani, kwa wavuvi na kuikausha ufukweni. Tulitandaza, tukageuza, tukafukuza ndege. Malipo yetu yalikuwa omena yenyewe, na Waya alisema wazi kwamba atakayekausha zaidi atapata zaidi. Mimi nilikuwa na mikono myepesi na ubishi wa kushindana na yeyote. Adoyo alikwenda polepole, kwa sababu mtoto mchanga wa Waya alikuwa mgongoni mwake kutwa, na kila alipoinama mtoto alilia.

Likizo ilipokwisha, Waya akapima. Gorogoro yangu, lile kopo la kupimia, ilijaa mpaka ikamwagika. Ya Adoyo haikufika nusu. Nilistahili, jamani! Hata leo nasema nilistahili. Adoyo alisimama tu akitazama.

Dani alinikaangia omena yangu kwa nyanya, nami kwa furaha nikaketi mlangoni nikala. Adoyo alipita njiani, mtoto bado mgongoni, akasimama kidogo, akaenda zake. Kabla jua halijatua nilikuwa nagaagaa mkekani nikilia tumbo.

"Nani alikuona ukikula?" Dani akauliza.

Niliulizwa, nikajibu. Nilitaja jina.

Asubuhi jina hilo lilikuwa limefika ufukweni kabla ya mwenyewe. Adoyo alipotokea, wanawake walifunika sahani zao kwa mabeseni. Msichana akishaitwa mwenye sihoho, hakuna anayemkaribisha kula, na wachumba hukata kona wakiliona boma lao. Hayo niliyajua hata kwa umri ule, na niliogopa sana kwa ajili yake.

Dani alitaka kufuata dawa inayojulikana: aliyetazama aonje chakula kile kile, jicho lilegee. Basi Adoyo akaketishwa katikati ya wanawake, mabaki ya omena yangu mbele yake. Hakugusa.

"Mimi sikuangalia samaki yake," alisema, macho kwa Waya. "Niliangalia mkono yako, Mama, vile inapima. Omena yenye niligeuza ulipima. Na huyu mtoto yako kwa mgongo yangu, ulipima na nini?"

Waya alicheka peke yake. "Watoto wa siku hizi!" akasema, kisha akaifungua leso na kumchukua mtoto wake. Hakuongeza hata omena moja.

Tumbo langu lilipoa siku hiyo hiyo, bila Adoyo kuonja chochote. Lakini jina halikumtoka. Mabeseni yaliendelea kufunika sahani, hadi mama yake alipomhamishia Obunga, mjini, kwa ndugu zake. Sikumwona tena.

Siku hizi mimi ndiye ninayenunua omena na kuiuza sokoni Kibuye, na wanawake wananikaushia. Anayefanya zaidi bado namlipa zaidi. Nimejaribu kugawa sawa kwa sawa, roho ikakataa. Ila siwezi tena kupima nikiwa peke yangu. Nawaita wote wasimame karibu, nawaambia watazame mkono wangu, na mwenye mtoto mgongoni ndiye ninayeanza naye. Kipimo cha mtoto wa mgongoni sijakijua hadi leo. Najaza, napunguza, najaza tena, na tumbo linaanza kunikata.