Wimbo Aliokwisha Kumpa Bibi Harusi

Jambo zima limenigharimu shilingi elfu kumi na nane, mia sita na hamsini. Hesabu ya kwanza ilitoa elfu kumi na saba, mia tisa na hamsini. Nikarudia, nikakuta nimemsahau jogoo. Humo mna ada za kuandikisha, studio ya Malindi, nauli, bodaboda za kwenda Chara, elfu tatu za mbegu nilizomtangulizia mtunzi, soda za watu ambao sikuwaalika, na huyo jogoo, ambaye mpaka leo sijaamua kama alikuwa gharama ya kazi au ujinga wangu binafsi.

Mimi nina kibanda cha simu hapa Garsen, karibu na njia panda. Nauza chaja na vioo, na nawajazia watu nyimbo kwenye memori kadi: shilingi hamsini kwa nyimbo thelathini, na ukinikazania sana, arobaini. Siku ya mnada Waorma wakileta ng'ombe wanataka nyimbo zao, Wapokomo wanataka zao, na vijana wanataka zile ambazo siwezi kuzipiga mama zao wakiwa dukani. Lakini kulikuwa na wimbo mmoja uliotakiwa na wote, wimbo wa harusi wa Kipokomo, ulioimbwa na mwimbaji wa Malindi kwa kinanda na ngoma za mashine. Mfugaji mmoja asiyejua hata neno lake aliniambia, "Huo niwekee mara mbili. Mke wangu akiusikia anaacha kugombana."

Siku moja akaja mama mmoja wa Ndera, mkulima wa mpunga na ndizi, kutafuta betri. Wimbo ulikuwa unalia kwenye spika. Akasimama, akainamisha kichwa, akasikiliza hadi ubeti wa pili.

"Hapo kakosea," akasema.

"Nani, shangazi?" Si shangazi yangu wa damu, lakini kwa umri wake na kwa jinsi alivyonitazama, sikuwa na neno jingine la kumwita.

"Huyo anayeimba. Anasema mto umekuja. Ni mto umerudi! Mto ukija unabeba nyumba. Ukirudi ndipo unaacha udongo mzuri wa kupanda. Nani anamwimbia bibi harusi mafuriko?"

"Wewe umejuaje?"

"Si niliutunga mimi."

Mimi huandika kila ninachouza. Alipokuwa anachagua betri nilifungua daftari chini ya meza, nikahesabu: wimbo wake nilikuwa nimeshauuza mara arobaini na tatu. Nikarudia, zikawa arobaini na sita. Nilimpa betri kwa bei niliyoinunulia mimi, na jirani yangu wa duka la nguo akaniuliza jioni kama naumwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa mchapishaji wa muziki, kazi ambayo huku kwetu haina kibao wala mtu anayeijua. Nilikuwa nimeisikia kwenye semina moja ya Malindi, nilikokwenda kwa sababu walitoa chakula cha mchana. Shangazi alinihoji kama karani wa mahakama.

"Wewe unaimba?"

"Siimbi."

"Unapiga ngoma?"

"Sipigi."

"Sasa nikulipe ya nini?"

"Mimi nahakikisha jina lako limeandikwa pale pesa inapopita. Naandika maneno ya wimbo, naupeleka ofisi ya hakimiliki, nalipia ada, natafuta wanaotaka kuutumia. Redio ikiupiga, mrabaha unakuja kwako. Usipokuja, mimi ndiye ninayekwenda kugombana."

"Kugombana unajua," akakiri.

Nilianza na arobaini kwa mia. Akacheka, akajifunga leso vizuri, akainuka. Nikasema thelathini. Akatoka nje. Ishirini na tano nilimtajia akiwa tayari barabarani, tena kwa sauti, majirani wote wakasikia, ikawa siwezi tena kurudi nyuma.

Miezi ile naikumbuka kwa furaha. Alikuwa akija kila Jumatano na kichane cha ndizi, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananiimbia nami naandika. Nyimbo thelathini na moja, zote kichwani, hakuna hata moja kwenye karatasi. Wateja wakiingia haachi kuimba. Anawapungia mkono wasubiri. Nilimpeleka studio, na fundi alipomwambia apaze sauti, alimjibu, "Mwanangu, punguza wewe hizo kelele zako, utanisikia."

Kisha ikaja barua kutoka ofisi ya hakimiliki. Wimbo wa mto, wimbo ule ule, ulikuwa na mtu mwingine aliyeuandikisha: mwimbaji wa Malindi. Naye alikuwa na karatasi, iliyotiwa sahihi na mwenye wimbo. Tulipewa siku thelathini kuleta ushahidi, la sivyo jina la mwimbaji ndilo lingebaki mahali pa mtunzi, milele.

Nikampigia simu yule mwimbaji nikiwa nimejiandaa kwa matusi. Hayakuhitajika. "Mzee, mimi si mwizi," akasema. "Niliusikia harusini, nikauliza wa nani. Akina mama wote wakanionyesha dada mmoja. Nikamwendea mpaka Chara, nikampa elfu mbili na saa ya ukutani. Ningefanya nini zaidi?"

Nilimweleza shangazi, nikitarajia atawaka.

"Hakudanganywa," akasema. "Ni wake kweli. Nilimpa."

Ikabidi anieleze desturi yake, aliyofundishwa na mama yake. Akimtungia bibi harusi wimbo, usiku wa kuamkia harusi anamkabidhi mbele ya wanawake. Familia inaleta doti ya leso, naye anasema: huu si wangu tena, ni wako. Tangu hapo hata yeye mwenyewe hauimbi kwenye harusi nyingine mpaka aombe ruhusa. Kati ya zile nyimbo thelathini na moja nilizoziandika kwa mkono wangu, ishirini na sita alikuwa ameshazigawa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza nani alizitunga. Hukuniuliza ni za nani."

Nikamwambia shida ni ndogo. Aandike tu, wimbo huu ni wangu, atie sahihi, niutume. Akanitazama kama nimemwomba aende akamvue mtu leso aliyompa.

"Nimnyang'anye mtoto wa watu zawadi ya harusi yake? Kwa sababu ya karatasi?"

"Jina lako litapotea, shangazi."

"Nalijua." Na macho yake yalionyesha kwamba analijua vizuri. Alikuwa amewasimulia watu wa kijiji kizima kwamba jina lake linakwenda kuandikwa Nairobi.

Kwa hiyo nikaenda Chara, na jogoo chini ya kwapa, nikiamini kwamba kila kitu kina bei. Bibi harusi sasa ni mama wa watoto wawili. Nilimkuta anaanika samaki. Nikamkabidhi jogoo, nikaanza kuzunguka kwa maneno.

"Umekuja kuununua wimbo wangu," akanikatiza.

"Hapana, nimekuja..."

"Yule wa Malindi alikuja na saa. Wewe umekuja na kuku. Niuze kwa kuku?"

Nikarudi mikono mitupu. Jogoo alibaki; bibi harusi alisema amesafirishwa mbali, aachwe apumzike. Safari ya pili sikumpata, alikuwa shambani. Ya tatu nilikwenda na shangazi mwenyewe, amejishika nyuma ya bodaboda akilalamikia kila shimo kwa jina la aliyelichimba. Walipokutana walikumbatiana, wakalia kidogo, wakasahau kwamba nipo.

Nilikaa nikawaza. Mimi maisha yangu yote nimebishana juu ya bei, na hapa hakuna aliyekuwa anauza. Nikaona niulize swali moja tu, nisitoe hata ofa.

"Dada, siku ile ya kwanza, wimbo ulitoka kinywani mwa nani?"

"Mwa huyu. Mwa nani mwingine?"

"Na huo wimbo ni wa nani?"

"Ni wangu." Akageuza samaki mmoja. "Wewe huelewi nini? Gauni langu la harusi ni langu. Aliyelishona ni fundi. Nikimwazima mtu gauni, ameshakuwa fundi?"

Nilimwomba ayarudie maneno hayo mbele ya chifu. Aliyarudia, akatia sahihi, na shangazi akatia yake chini bila kusema hata mara moja kwamba wimbo ni wake. Ofisi ikakubali. Mwimbaji wa Malindi akabaki mwimbaji, na akanipigia kuniuliza kama kweli ni mto umerudi, ili aurekodi upya.

Jina la shangazi limeandikwa. Nilimchapia karatasi, akaikunja mara nne akaitia kwenye kibindo.

"Sasa mwandike na mtoto," akasema.

"Mtoto gani?"

"Mwenye gauni."

Ndipo nilipo sasa. Fomu ya mgao ina mistari mitatu: mtunzi, mtunzi mwenza, mchapishaji. Jumla lazima iwe mia. Nimejaribu kuifanya iwe mia na ishirini na tano, mashine imekataa. Shangazi anataka bibi harusi apate ishirini na tano. Nikimwandika mtunzi mwenza nitakuwa nimeapa uongo, na shangazi atakuwa amegawana jina alilolipigania. Nikimwacha nje, shangazi amesema hatatia sahihi, na nyimbo ishirini na tano nyingine zina wenyewe wanaosubiri kuona huyu wa kwanza atatendewa vipi. Nilimwambia atoe kwenye sabini na tano zake. Akasema yuko tayari, kisha akanitazama mimi na hizo ishirini na tano zangu, akanimenyea ndizi.

Fomu inatakiwa Jumatatu. Ninyi mnaojua mambo haya, nishaurini: nimwandike mstari upi, na nitoe ngapi?