Dobi na Nyuki Waliokataa Kulala

Saa mbili asubuhi, jua limeshapanda juu ya ukuta wa nyuma na Mama Povu anaanika. Vibanio viwili viko mdomoni, vingine vimejaa mfuko wa aproni. Anakung'uta shuka jeupe, analirusha juu ya kamba, anavuta pembe zikae sawa, anabana. Halafu jingine.

Katikati ya kamba ya pili anasimama ghafla. Karibu na pindo kuna tone la manjano, dogo kama punje ya mtama, bado bichi. Kando yake kuna jingine. Anatoa vibanio mdomoni na kutazama juu.

"Haya, wameamka hao," anasema. "Wameenda haja."

Hao ni nyuki wake. Mzinga uko kwenye kona ya ua, umezungushiwa blanketi kuukuu upande unaopigwa na upepo. Nyuki ni viumbe wasafi, anaeleza dobi huyu mwenye umri wa miaka sitini na moja. Baridi ikibana hujikusanya kama ngumi, wakatetemeka ili kupashana joto, na hata wakibanwa vipi hawachafui ndani. Husubiri siku ya jua, wakatoka, wakajisaidia hewani na kurudi.

"Zamani siku ya namna hiyo ilikuwa ya kubahatisha," anasema. "Baridi ilikuwa baridi. Unatia mkono kwenye beseni, unautoa kama si wako. Basi marehemu mume wangu akiona jua tu, anapiga kelele kutoka karakana yake: 'Anua, wewe! Wageni wanakwenda chooni!' Tunakimbizana na mashuka, tunacheka mpaka tunapindua beseni."

Mumewe alikuwa seremala. Mzinga huo aliuunda kwa mbao zilizobaki kwenye vitanda vya watu, ndiyo maana ubavuni una nakshi ya ua ambalo halikumalizika. Enzi zake mizinga ilikuwa minne. Alifariki miaka mitatu iliyopita, na umebaki huu mmoja.

Baridi ya mwaka huu ni ya kutania tu. Karibu kila siku jua linawadanganya nyuki kwamba maua yamefika. Wanatoka, hawakuti kitu, wanarudi na njaa na kuila akiba yao ya asali. Kila asubuhi Mama Povu huunyanyua mzinga kidogo kwa nyuma, kuusikilizia uzito mkononi. Kila asubuhi unazidi kuwa mwepesi.

Na mashuka yanazidi kupata madoa. Mengi ni ya nyumba moja ya wageni iliyo mtaa wa pili. Wiki iliyopita mwenyewe alikuja kusema kwamba yakirudi tena na manjano, atatafuta dobi mwingine.

"Aliniambia kwa upole, ndiyo maana iliniuma," anasema Mama Povu. "Alisema, 'Mama, wageni wangu wanadhani ni kitu kingine kabisa.'"

Ikaamuliwa nyuki waondoke. Mdogo wake, ambaye ni fundi bomba, akakubali kuwapeleka shambani kwa baba mkwe wake. Leo ndiyo siku yenyewe. Kabla ya shuka lenye madoa kurudishwa kwenye beseni, mkokoteni unagonga lango. Fundi anaingia amevaa koti la mvua, kichwani amejifunika kipande cha chandarua.

"Bibi harusi amefika!" anasema dada yake.

"Cheka tu. Hao wadudu wako hawajui undugu."

Anainama, anaukumbatia mzinga na kuujaribu. Anauweka chini upesi.

"Dada, mbona mwepesi hivi? Kuna watu humu kweli?"

Mama Povu anatega sikio kwenye ubao. Wamo, ila mvumo ni wa chini, kama wa redio ya jirani. Anamweleza mdogo wake kwamba asali imekaribia kuisha, na wakitikiswa njiani watatawanyika ndani. Jioni ikiwakuta wametawanyika, hata baridi hii ya utani inatosha kuwaua.

"Kwa hiyo nipeleke, nisipeleke?"

"Fanya unavyoona."

"Ninavyoona mimi? Mimi naona chandarua tu." Fundi anakaa kwenye ukingo wa mkokoteni. "Wewe tangu utotoni ni hivyo hivyo. Mama akikuuliza unataka gauni lipi, 'lolote'. Unakwenda kulilia lile jingine chooni."

Mama Povu anaingia jikoni, anarudi na sahani. Juu yake kuna mkate bapa wa sukari, umekandwa kwa maji kidogo ukagandishwa. Anafungua kifuniko cha mzinga taratibu na kuulaza mkate juu ya masega.

"Umewapikia?" Fundi anashangaa. "Si wanahama leo?"

"Wasafiri na njaa?"

"Dada."

Anafunika mzinga. Anapangusa mikono kwa aproni, muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha anavuka ua mpaka kwenye mlango wa karakana. Tangu msiba, mlango huo hufunguliwa kufagiliwa tu. Ndani, patasi bado zimepangwa ukutani kwa ukubwa, na harufu ya mbao bado imo.

"Dirisha ni kubwa," anasema, akipima kuta kwa macho. "Upepo unapita. Meza ya kurandia ikisogea pembeni, kamba zinaenea hapa. Siku za jua mashuka ya wageni yanakauka humu, mpaka miti ichanue. Na maua yakija, nataka kuwagawa wawe mizinga miwili."

Mdogo wake amesimama mlangoni, chandarua mkononi.

"Na vitu vya shemeji?"

"Vinakaa. Vimezoea kelele zangu."

"Sawa. Ila baba mkwe anasubiri nyuki, ameshasafisha na mahali pa kuwaweka. Nikamwambie nini? Usiniambie 'chochote'."

Mama Povu anautazama mzinga, ambako nyuki wachache wanatua mlangoni na kuingia.

"Mwambie sitaki waende," anasema, kwa sauti iliyomshtua hata yeye mwenyewe. "Nawapenda. Nawataka hapa hapa, kwangu."