Simu Iliyofungiwa Kabatini

Nilipata habari kutoka Kisaju kwamba daktari wa mifugo, rafiki yangu wa miaka mingi, ameaga dunia. Aliumwa na nyoka huko mabondeni kusini mwa Kajiado, alikokwenda kuchanja mbuzi, mahali ambapo simu zetu za kawaida hazishiki mtandao. Mfugaji aliyefuatana naye alimlaza kivulini, akakimbia hadi kilima cha mbali kutafuta mawimbi. Gari lilipofika, alikuwa amekwisha kukata roho. Tumeshamzika, nami naandika nikiwa na hasira, na sitaiombea radhi.

Tulikuwa majirani Kitengela tangu alipohamia hapa kutoka magharibi mwa nchi. Shirika lililomwajiri lilipokubali kununua simu ya setilaiti, yeye ndiye aliyeichagua. Kulikuwa na kifaa cha bei nafuu cha kutuma ujumbe mfupi tu, akakikataa. “Mtu anavuja damu, halafu wewe unamwambia aandike?” aliniuliza. Akachukua ile ya kuongea, akanionyesha uani jinsi inavyotumika: unatoka chini ya mti au mabati, unaielekeza antena angani, unasubiri ikamate setilaiti, na ukishasema unatulia kidogo, kwa sababu sauti huchelewa. Haukupita muda, mzee mmoja akapigwa na nyati malishoni. Daktari akasimama mahali peupe, akaita gari la wagonjwa, huku mke wa mzee akimvuta mkono.

“Daktari, mbona umenyamaza? Ongea!”

“Ngoja, yeyo,” alimjibu, akimwita mama kwa Kimaasai, “sauti iko njiani.”

Mzee huyo yu hai, na bado anachunga ng'ombe wake.

Kisha akaja mkurugenzi mpya, akaamuru simu irudishwe ofisini. “Hii kitu ni expensive,” alisema, “haiwezi kuzurura porini na mbuzi.” Tangu hapo daktari alilazimika kuiomba kila safari. Safari hii ya mwisho aliiomba pia, akaambiwa aliye na ufunguo wa kabati hayupo. Wafugaji walikuwa wakimsubiri na mbuzi wao walikuwa wakifa, kwa hiyo akaenda mikono mitupu.

Kwenye mazishi, mkurugenzi alishika kipaza sauti akatwambia kwamba haya ni mapenzi ya Mungu. Yule mfugaji, ambaye marehemu alikuwa amemsimulia mambo yote njiani, alisimama katikati ya waombolezaji. “Mungu hakuwa na ufunguo wa hiyo kabati,” alisema. Hakuna aliyemkalisha.

Tumezoea kununua vifaa vya kuokoa watu kisha tukavilinda dhidi ya watu hao hao, kana kwamba mkwaruzo kwenye simu unauma kuliko kaburi. Ukimtuma mtu mahali ambapo hata akipiga mayowe hakuna wa kumsikia, mpe simu mkononi, ikiwa imelipiwa na ina chaji, na umfundishe mwenzake kuitumia. Kama huwezi, basi nenda wewe ukachanje hao mbuzi.