Atakayecheza na Celeste

Kituoni kwetu Antaktika kuna jambo moja tu lisilosemwa: siku ya meli kuja kutuchukua. Utukane upendavyo, uizomee timu ya mwenzako, umsengenye mkuu wa kituo naye yuko mlangoni, lakini tarehe ya meli hutaji. Barafu ina masikio. Sisi tunasema "ikija", basi. Hata wasomi wetu, wanaopima upepo na kuhesabu pengwini, ndio wa kwanza kumziba mdomo anayetaka kuropoka.

Sasa Nicanor Sosa, fundi wetu wa jenereta, mtu wa Tucumán, Ajentina, mpole kama maji ya mtungini, ndiye aliyeitaja. Tena kwenye simu. Tena kwa bintiye.

Mimi ndiye mpishi. Jiko langu na chumba cha simu vimetenganishwa na ubao mwembamba, na simu yenyewe ya setilaiti haisikiki bila kufunguliwa spika na kupigiwa kelele, kwa hiyo siri hapa hakuna. Nilikuwa nakwangua sufuria nikamsikia anasema, "Tarehe kumi Februari nitakuwa nimeshashuka, mwanangu. Jumamosi yako ninayo mfukoni."

Nikatoka na mwiko. "We Nicanor! Umerogwa?"

"Mama Elvira, mtoto kaniuliza."

"Akikuuliza unamjibu 'ikija'! Mdomo huo utatuponza sote."

Akacheka. Na mimi, hasira zote zile, nikashindwa kuendelea kumgombeza, maana nilijua anachokitaka. Celeste alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano. Kwetu Ajentina msichana akifika hapo unakodiwa ukumbi, ukoo mzima unajaa, na dansi ya kwanza, ile ya taratibu ya kuzunguka, ni ya baba. Si ya mjomba, si ya kijana anayemtupia macho. Ya baba.

Na Nicanor alikuwa baba wa simu. Aliachana na mama yake Celeste mtoto angali na mapengo, akaona bora aende mbali kuliko kupita mbele ya nyumba isiyo yake tena. Akaja huku kwenye barafu. Mkataba ukiisha anapumzika kidogo, anasaini mwingine. Mama mtu akaolewa na muuza matairi mmoja anaitwa Anselmo. Jina hilo Nicanor hakulitamka hata siku moja. Alisema "yule wa matairi", halafu anabadilisha mazungumzo.

Kazi yake aliifanya bila makeke. Asubuhi anasikiliza mashine zake, anatia theluji kwenye tangi la kuyeyushia ili tupate maji, anatundika soksi zake kwenye bomba la moto ingawa nimemkataza mara ngapi sijui, maana bomba linapita juu ya mikate yangu. Baada ya chakula anakaa dirishani na kibuyu chake cha yerba, yale majani yetu machungu, anafyonza kwa mrija na kutazama nje. Msimu wa giza hakuna cha kutazama nje. Alitazama hivyo hivyo.

"Mama Elvira, wasichana wa umri ule wanapenda nini?"

"Nitajuaje mimi? Nimezaa madume matatu, wote wanapenda nyama."

Msimu wa baridi wote tulifanya mazoezi, mimi na yeye, katikati ya meza za kulia. Viatu vya kazi, suruali nene, na magoti yangu haya yanayolia kama mlango.

"Ananikanyaga huyu ng'ombe!"

"Samahani, Mama. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili..."

"Tatu ni vidole vyangu!"

Wapima upepo walipiga meza kwa vicheko. Lakini yeye hakucheka. Alifumba macho, na mimi nilijua fika kwamba si mimi niliyekuwa mikononi mwake. Nikanyamaza, nikazunguka naye. Nilimwonea huruma.

Februari ikaja, na meli ikaja. Tuliiona kwa macho yetu, doa jekundu ng'ambo ya barafu. Nicanor alikuwa amenyoa, begi liko mlangoni. Basi upepo ukageuka, ukaisukuma barafu yote ya bahari ikajaa kwenye ghuba yetu mpaka kusionekane tone la maji. Helikopta ya meli nayo ikashindwa kuruka. Siku ya tatu meli ikageuza, ikaenda kungojea bahari wazi, na redio ikatuambia tuvumilie hadi mwisho wa mwezi. Hayawi hayawi, na kweli hayakuwa.

Mezani mtu mmoja akaanza, "Kuna waliotaja tar..." Nikamkata. "Malizia hilo neno uone kama utakula kwangu leo." Akainama kwenye sahani yake.

Alhamisi Nicanor akapiga simu. Sikujifanya hata kupika. Nilisimama tu pale ubaoni.

"Baba, uko wapi?"

"Niko hapa hapa, mwanangu."

Nicanor akauliza kwa sauti ndogo, "Sherehe haiwezi kusogezwa mbele?"

"Keki imeshaokwa, baba. Babu ameshafika." Nikamsikia mtoto anavuta kamasi. "Mama anasema wewe ndiye wa kusema. Nicheze na nani?"

Ndivyo ilivyo kwetu: baba asiyekuwepo humtaja kwa kinywa chake atakayesimama mahali pake.

"Babu yako?"

"Nyonga yake, baba."

"Mjomba Tito?"

"Mjomba Tito atakuwa chakari kabla ya supu."

Wakacheka kidogo, wote wawili. Kisha kicheko kikaisha, na Nicanor hakusema kitu. Nilitaka kupiga kelele, sema basi, mwanamume wewe, sema! Nilimsikia akikohoa.

"Anselmo yupo?"

"Nani?" Mtoto hakuamini.

"Anselmo. Mwite."

Ikaja sauti nzito, ya woga. "Shikamoo, don Nicanor."

"Jumamosi utacheza na binti yangu."

"Ni heshima kubwa kwangu."

"Sasa nisikilize. Usimvute. Huyo tangu mdogo huanza na mguu wa kushoto, huwezi kumbadilisha, kwa hiyo wewe inabidi..."

"Nirudi nyuma na wa kulia," akasema Anselmo. "Halafu nimsubiri kidogo kwenye kona."

"Ndiyo," akasema Nicanor. "Kwenye kona."

"Asante kwa kunielekeza, don."

Simu ikakatika. Nikaingia bila hodi. Nicanor alikuwa ameketi, mikono magotini, usoni hana hasira wala nini.

"Hiyo ya kona sikuijua," akaniambia. "Anamjua, Mama Elvira. Anamjua kuliko mimi."

Nilitaka kumwambia si kweli. Mimi ni mwongo hodari, nimewalisha watu hawa nyama ya kopo mwaka mzima nikiapa ni ndama, lakini siku ile uongo ulinikataa. Nikavuta kiti, nikakaa naye.