Waya Nilifunga Mimi, Akafukuzwa Yaya Zaina

Nilisema uongo, na uongo wangu ulimutoa mutu kazini, ukamutoa muji wetu wa Kasongo, kisha ukamuharibia maisha. Jina langu naficha. Si kwamba sina haya. Haya imenijaa mupaka hapa kwenye shingo!

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya musingi. Mama yangu alipopooza upande mumoja, niliacha kazi nikamuuguza. Miaka ikapita. Nilipomuzika, nilirudi shuleni kuuliza nafasi yangu, nikakuta mwengine ameikalia. Nikabaki nyumbani naangalia mikono yangu. Umezoea kuosha mugonjwa kila asubuhi, mugonjwa akiondoka, asubuhi inakuwa ndefu sana, jamani.

Aliyenitoa pale ni Yaya Zaina. Hatukuzaliwa tumbo moja. Nilimuita yaya, ni kusema dada mukubwa, kwa sababu alinizidi umri na alinipenda. Yeye alikuwa fundi wa umeme wa jua kwenye kituo chetu cha afya. Taa za chumba cha kuzalia, batri, frigo ya chanjo, vyote vilikuwa mikononi mwake. Akaenda kwa chef, mukubwa wa kituo, akasema anataka musaidizi, na musaidizi huyo ni mimi.

"Yaya, mimi maisha yangu nimeshika chaki tu," nikamuambia.

Akacheka. "Na mama yako ulikuwa unamugeuza kitandani na nini? Na chaki? Mikono iko. Njoo."

Nikaenda. Alinifunza kusugua vichwa vya batri, kupima umeme, kupanda paa bila kuangalia chini. Wanaume wa barabarani walinicheka, "Mwalimu amekuwa nyani!" Yaya ndiye aliwajibu. Siku taa ya kwanza niliyofunga mwenyewe ilipowaka, nililia kama mutoto. Yeye akanikatia muhogo wake wa kuchoma, akasema, "Kula, fundi." Fundi! Sijawahi kupewa jina tamu kama lile.

Basi sikieni nilivyomulipa.

Jumamosi moja alinituma kusafisha batri za frigo peke yangu. Nikafungua waya, nikasugua, nikazirudisha. Kufika kukaza, nakumbuka kle, ule ufunguo wa kukazia nati, niliiacha nyumbani! Mvua ilikuwa inakuja, na nguo zangu ziko kwenye kamba. Nikakaza na vidole. Nikasema moyoni, nitarudi kukaza muzuri. Sikurudi.

Nilipokutana na Yaya njiani, aliniuliza, "Umekaza na kle?"

"Nimekaza."

Hakwenda kuangalia. Aliniamini.

Jumatatu frigo ilikuwa na joto sawa na chumba. Waya ililegea, chanjo zote zikaharibika. Kwenye benchi ya nje akina mama walikuwa wamekaa na watoto wao. Mumoja alitembea kutoka upande wa Wamaza, udongo umemupanda mupaka magotini. Muuguzi akatoka kuwaambia warudi, chanjo hakuna. Yule mama hakupiga kelele. Alimufunga tena mutoto mugongoni, akashika njia.

Chef akatukusanya. "Nani alifunga hizi waya?"

Yaya Zaina akaniangalia. Hakunikazia macho, hapana. Aliniangalia kama mutu anayemupisha mwenzake mulangoni, apite mbele.

Nikafikiria nyumba yangu ilivyokuwa kimya. Nikafikiria wale wanaume wangesema nini. Mudomo ukafunguka: "Ni Yaya Zaina alifunga. Mimi nilikuwa namushikia tochi tu."

Ee Mungu wangu! Mupaka leo naisikia sauti yangu.

Yaya akamugeukia chef. Kisha akasema, "Kama amesema ni mimi, basi ni mimi."

Wakamufukuza siku ile ile. Nafasi yake nikapewa mimi, na niliipokea! Haikupita muda akapata pikipiki ya kwenda Salamabila, kutengeneza tochi na batri za wachimba dhahabu. Nilisimama barabarani na majirani kumuaga. Alinishika mukono, akakawia kuuachilia. Motari, mwenye kuendesha pikipiki, akawasha, wakaenda.

Sikumupigia simu. Nilimuogopa kama mutu anavyoogopa deni. Mupaka wachuuzi waliporudi na habari kwamba batri moja kuukuu imemupasukia usoni, na maji yake makali yameingia macho yote mawili.

Nilipanda pikipiki nikamufuata. Nikamukuta kwa binti yake, amekaa kwenye mukeka, anachambua maharagwe na vidole.

"Hodi."

"Karibu, mudogo wangu." Neno moja tu, akanijua!

Nikaanguka magotini. Nikaungama yote, na yote alikuwa anayajua. Aliniacha nilie. Kisha akauliza, "Frigo iko namna gani?"

"Iko muzuri, yaya."

"Unakaza na kle?"

"Kila mara."

"Sawa."

"Yaya, kwa nini hukusema kweli siku ile?"

"Nilikungojea wewe useme. Nilisema, ameogopa tu, atasema kesho. Hata siku ya kuondoka nilikushika mukono nikingoja. Motari akawasha, mimi bado niko nangoja."

Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Nilikusamehe zamani. Lakini kukuamini, hiyo iko kitu kingine. Hiyo sina tena."

Nikanyoosha mukono nimusaidie maharagwe. Akavuta ungo upande wake. "Acha. Nitachambua mwenyewe."

Niliporudi Kasongo nilienda moja kwa moja kwa chef, nikamueleza kila kitu. Nilitaka anifukuze, haki ya Mungu nilitaka! Akainamisha kichwa, akasema, "Nikikufukuza, nani atachunga frigo? Zaina haoni tena. Rudi kazini."

Nikarudi. Niko kazini hata sasa. Nikipata motari wa kuaminika, natuma unga na mafuta ya mawese kule Salamabila. Binti yake anapokea, anashukuru. Kwa Yaya mwenyewe haijatoka salamu hata moja.

Wewe unayesoma, labda umeanza kazi mupya juzi, na unaogopa kuonekana hujui. Sema hujui! Umekosea, sema umekosea! Watakugombeza, watakucheka, hata kukufukuza wanaweza. Kazi inatafutwa tena. Na kama leo kuna mutu amebeba kosa lako kichwani kwake, tafadhali, usingoje upate nguvu. Nguvu haiji. Muendee leo, wakati bado anaweza kuuona uso wako.