Wimbo Wenye Mashimo

Jumamosi, kwenye baa moja ya Rumonge, Burundi, mlevi alimwomba mzee wa gitaa la besi: "Baba, tupigie ile ya Uhuru." Ni wimbo wa orkesta ya mzee na wenzake, ambao mwaka wa uhuru uliwachezesha watu kutoka hapa mpaka Muhuta. Mzee akaanza. Alipofika pa mwimbaji akanyamaza, akangoja, akaendelea. Pa gitaa la solo, vilevile.

"Mbona hii nyimbo iko na mashimo?" mlevi akauliza.

"Hapo ni pa wenzangu. Walipandishwa kamio la wanajeshi mwaka wa sabini na mbili. Hawajarudi."

Mwenye baa akafunga dirisha.

Msidhani sisi wanywaji hatuyajui maneno ya wimbo. Tunayajua sote. Mzee alipofika tena pa mwimbaji, tuliinua bia tukanywa kwa pamoja, ili midomo iwe na kazi.